Kufundisha Maadili kwa Lugha Inayojifunzwa: Msamiati wa Maadili katika Somo la Kiswahili Nchini Uganda

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika nchini Uganda mwaka 2020 haukuunda somo jipya la maadili. Uliyatawanya maadili katika masomo yote (uaminifu, haki, uadilifu, bidii ya kujitegemea, uwajibikaji kwa jamii, uzalendo na mengineyo) ukamtaka kila mwalimu, awe wa fizikia au wa jiografia, ayashughulikie. Mtaala huohuo ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili. Maamuzi haya mawili kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali, ilhali darasani yanakutana. Yanapokutana, mwanafunzi hutakiwa ajifunze kuwa mwaminifu kupitia neno ambalo huenda amelisikia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyohiyo. Makala haya yanaeleza ugumu unaozaliwa hapo na namna ya kuukabili.

Sehemu kubwa ya msamiati wa maadili katika Kiswahili ina asili ya Kiarabu: adabu, maadili, heshima, nidhamu, tabia, uaminifu. Kwa mtoto wa pwani asili hiyo haina uzito, kwa kuwa maneno hayo alilelewa nayo. Kabla hajayaona kitabuni amekwisha kukemewa kwa kukosa adabu, na amefundishwa kumwamkia mkubwa. Kwa mwanafunzi wa Masaka au Mbarara maneno yanafika bila malezi hayo. Yeye naye ana malezi yake, yenye maneno yake, na lolote analofundishwa kwa Kiswahili atalipima kwa maneno hayo, mwalimu apende asipende.

Tuchukue neno heshima. Katika asili yake ya Kiarabu linagusa haya na staha: mwenye heshima hujizuia. Mwanafunzi anayezungumza Luganda huliweka mara moja karibu na neno ekitiibwa, lililonyambuliwa kutokana na okutya, yaani kuogopa, katika kauli ya kutendwa. Sisemi kwamba Waganda huheshimu kwa woga. Asili ya neno haiamui matumizi yake ya leo. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kina ndugu wa kitenzi hicho, nacho ni -cha, tunachokikuta katika mcha Mungu na katika methali isemayo mcha mwana kulia hulia yeye. Lakini mwalimu anayejua undugu huu ana swali zuri la kuuliza darasani: kumheshimu mtu na kumwogopa vinatofautiana wapi? Swali hilo ni la kisarufi na ni la kimaadili kwa pamoja.

Neno uaminifu lina mafunzo zaidi. Luganda husema obwesigwa, kutokana na okwesiga, kuamini, nalo pia limo katika kauli ya kutendwa. Kwa hiyo jina hilo linataja hali ya kuaminiwa, hali ambayo mtu hawezi kujipa mwenyewe; hupewa na wenzake. Jina la Kiswahili, jinsi linavyofundishwa mara nyingi, linageuzwa kuwa sifa aliyo nayo mtu peke yake, kama urefu au weupe wa meno. Hata hivyo, Kiswahili kina njia ya kurudi: kuaminiwa, kuaminika, kuaminiana. Mwalimu akiliacha jina la ngeli ya U- na kushika vinyambuo vya kitenzi, mjadala unabadilika. Badala ya kumtaka mwanafunzi aeleze maana ya uaminifu, atamwuliza: nani anakuamini, kwa jambo gani, na ukimwangusha nini kitafuata? Unyambulishaji, ambao wanafunzi wengi huuona kuwa mzigo, hapa unapata kazi.

Neno nidhamu lina historia nzito zaidi. Kiswahili nchini Uganda kilihusishwa kwa muda mrefu na jeshi, tangu enzi za kikosi cha King's African Rifles, na hasa wakati wa utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979. Wazazi wapo wanaolisikia neno hilo kwa sauti ya kambini. Mwalimu anayelitumia kwa maana ya kujitawala hana budi kujua kwamba nyumbani linaweza kueleweka kama kutii amri.

Kwa sababu hizi baadhi ya wenzetu hupendekeza tuanzie kwenye obuntubulamu, dhana ya Kiganda iliyo karibu sana na utu. Ninaliunga mkono pendekezo hilo, kwa tahadhari. Dhana za aina hii zimewahi kutumiwa pia kuwanyamazisha wasichana na vijana waliouliza maswali. Darasa linalozisifu bila kuzihoji halitakuwa limefundisha maadili.

Mtaala tayari una chombo kinachofaa: shughuli jumuishi inayofunga mada, ambamo mwanafunzi hupewa hali halisi na kutakiwa kuitatua. Mfano: mweka hazina wa darasa ametunza michango ya safari ya Entebbe. Mdogo wake anaugua, nyumbani hakuna fedha, naye anachukua sehemu ya michango akikusudia kuirudisha Ijumaa. Jumatano mwalimu anataka hesabu. Mwanafunzi aandike barua ambayo mweka hazina huyo atawasomea wenzake. Ili aiandike, lazima achague kati ya kukopa, kuazima, kuchukua na kuiba, na kila chaguo ni hukumu. Lazima pia ajue tofauti kati ya kujitetea na kuomba radhi. Huruma na uaminifu vinagongana, na jibu haliwezi kukaririwa.

Hatari iko kwenye usahihishaji. Katika mfumo wa sasa tathmini endelevu ya shule huchangia 20% ya alama na mtihani wa mwisho 80%. Iwapo barua ile itatolewa alama za maadili ndani ya alama za Kiswahili, mtoto aliyekulia katika familia inayozungumza lugha hii ataonekana kuwa na utu kuliko mwenzake ambaye bado anatafuta upatanisho wa ngeli. Ufasaha utahesabiwa kuwa wema. Ndiyo maana ninapendekeza alama zitolewe kwa lugha pekee, na suala la maadili liandikwe katika kumbukumbu ya mwalimu kwa maelezo mafupi yasiyo na tarakimu. Wanafunzi nao waruhusiwe kuijadili hali hiyo kwanza kwa lugha wanayoimudu, iwe Luganda, Runyankore au Kiingereza, kabla ya kuiandika kwa Kiswahili. Vyuo vya ualimu vitalazimika basi kumwandaa mwalimu wa Kiswahili anayeweza kusikiliza mjadala katika angalau lugha moja ya eneo anakopangiwa kazi.