Likizo ya Aprili Naivasha: Familia Itulie, Pesa Ziwe Salama

Ulaya wana majira ya kuchipua. Sisi huku Kenya tuna Aprili. Vumbi la miezi mitatu linaanza kutulia, nyasi zinarudi kuwa kijani, shule zinafungwa, na watoto wanauliza swali lile lile kila jioni: "Tunaenda wapi?" Kwa mzazi, swali hilo lina mengine mawili ndani yake: pesa zitatoka wapi, na je, zitamfikia anayestahili kulipwa?

Leo tunataka kukusaidia kujibu yote. Tumechagua Naivasha kwa sababu ni karibu, ina malazi ya bei tofauti tofauti, na karibu kila aina ya malipo ya likizo utakutana nayo huko.

Kwa nini Naivasha?

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90. Ukiwa na gari, pita barabara ya juu ya Limuru au ya chini ya Mai Mahiu. Ukitumia matatu, za Naivasha utazipata Nyamakima. Msimu huu wa mvua ndefu kule juu kuna ukungu, kwa hivyo ondokeni asubuhi, msingoje giza.

Ziwa Naivasha lina maji matamu, si ya magadi kama majirani zake Nakuru na Elementaita. Asubuhi utamsikia furukombe akilia juu ya miti huku mkinywa chai. Usiku viboko hutoka majini kula nyasi, ndiyo maana baadhi ya kambi zimeweka waya wa umeme upande wa ziwa. Giza likiingia, watoto wasikaribie maji.

Karibu na hapo kuna mbuga ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984. Ni kati ya mbuga chache nchini ambapo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli huku pundamilia na twiga wakikuangalia. Na kwa sababu wageni hupungua wakati wa mvua, hoteli nyingi hushusha bei. Usione haya kuuliza!

Pesa ya likizo isile karo

Likizo ya Aprili ikiisha tu, muhula wa pili unafunguliwa. Hapo ndipo wengi hubanwa. Dawa ni kutenganisha pesa mapema. Tuchukue mfano: familia ikiweka shilingi 1,500 kila wiki kuanzia Januari, baada ya wiki 12 itakuwa na shilingi 18,000. Zikitosha usiku mmoja, mlale usiku mmoja. Watoto watakumbuka baiskeli, hawatakumbuka mlilala siku ngapi.

Weka pesa hizo kwenye akaunti ya akiba ya simu au kwenye chama. Usiziache kwenye salio la kila siku, maana salio la kila siku huliwa na maziwa, mkate na "nitarudisha kesho".

Dipositi: hapa ndipo watu hulia

Ujanja wenyewe ni rahisi. Tapeli huchukua picha za nyumba nzuri ya mtu mwingine, anaziweka mtandaoni, kisha anataja bei ya chini kupita kiasi. Ukimpigia, ana haraka: "Kuna mteja mwingine anaitaka, tuma dipositi sasa hivi." Unatuma. Mnafika na mabegi na watoto, nyumba haipo au mwenyewe hakujui. Simu imezimwa.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, fanya haya:

- Tafuta nambari ya hoteli mwenyewe, kisha piga. Usitegemee ile uliyotumiwa kwenye ujumbe pekee.
- Kama ni nyumba ya kukodi, omba mwenyeji akuonyeshe vyumba kwa simu ya video, hapo hapo.
- Uliza kama wana leseni ya Tourism Regulatory Authority. Hoteli halali haitakasirika ukiuliza.
- Lipa kwa Till au Paybill ya biashara. Ukiambiwa "tuma kwa nambari yangu, Till ina shida", simama kwanza.
- Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Lisipolingana na ulichoambiwa, usiendelee.
- Kubaliana kwa maandishi: dipositi ni kiasi gani, na mkiahirisha safari kwa sababu ya mvua itarudishwa au la.

Mkishafika

Mageti ya mbuga za KWS hayapokei noti. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, na Paybill ya huduma za serikali ni 222222. Fungua akaunti mkiwa bado nyumbani, mahali mtandao uko sawa. Mtu akikuambia getini umtumie yeye pesa "akulipie haraka", mkatalie kwa upole.

Kwa mashua, kubaliana bei kabla ya kupanda: ni ya mtu mmoja au ya mashua nzima? Ni ya saa moja au nusu? Kila mmoja avae jaketi la kuokolea, hata baba anayejua kuogelea.

Na neno moja lisilohusu pesa. Korongo la Hell's Gate ni zuri, lakini mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali, maji yakaja mlipo bila ninyi kuona tone. Askari wa mbuga wakisema leo hapaingiki, rudini mkaendeshe baiskeli.

Ikiwa umeshatapeliwa

Usisubiri kesho. Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na kodi ya muamala iliyo kwenye ujumbe wako. Tuseme ukweli: pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu sana. Kila dakika ina maana. Kisha nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB, na usifute ujumbe wowote.

Jihadhari pia na tapeli wa pili, yule anayekupigia akijifanya sisi na kuahidi kukurudishia pesa ukimpa PIN. Sisi hatuulizi PIN yako. Hatujawahi, na hatutawahi.

Mwonyeshe makala haya yule shangazi au binamu anayepanga safari ya familia mwaka huu, kabla hajatuma dipositi. Safari njema, na msisahau sweta. Naivasha usiku ni baridi!