HYPER BEAM: Ukiua umepona, ukijeruhi umekwisha!

Msomaji wangu, kuna silaha ambazo zikitajwa tu kijiweni watu wanakodoa macho. Kwa mashabiki wa gemu la Pokémon, silaha hiyo ni Hyper Beam. Wajapani, ambao ndio wenye gemu lao, wanaiita Hakai Kosen, yaani mwale wa maangamizi. Jina peke yake linatosha kumtia mtu mchecheto!

Lakini leo nataka tuambizane ukweli. Wengi wanaoishabikia hii kitu wanajua inavyopiga, hawajui inavyodai. Hyper Beam ni silaha ya mkopo, bwana. Unapewa nguvu sasa hivi, halafu unakuja kudaiwa. Na mwenye kudai haji kesho kutwa, anakuja zamu ileile inayofuata.

Kwa wale ambao ndio wanaingia mjini, niwape picha kwa kifupi. Gemu hili lilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 katika matoleo mawili, Red na Green, yakichezwa kwenye ile mashine ndogo ya mkononi ya Game Boy. Waliolitengeneza ni kampuni ya Game Freak ya bwana Satoshi Tajiri. Viumbe walikuwa 151. Unawakamata, unawafunza, unabeba sita, kisha unawapambanisha na wa mwenzako. Kila kiumbe anabeba mapigo manne tu, na mnapigana kwa zamu. Ukishaelewa hapo, umeelewa kila kitu nitakachokisema.

BEI YAKE SI YA KITOTO

Hyper Beam haiokotwi jalalani. Katika matoleo yale ya kwanza, mashine ya kufundishia pigo hili ilikuwa inatolewa kwenye nyumba ya kamari ya mji wa Celadon kwa sarafu 5,500. Kaunta wanakuuzia sarafu 50 kwa fedha 1,000 za humo ndani. Piga hesabu mwenyewe: kama huna bahati na zile mashine za kuzungusha, unatoa 110,000 taslimu. Na ukishamfundisha kiumbe mmoja, mashine imekwisha kazi. Ukitaka na wa pili apate, unarudi tena kaunta!

Wapo wanaojifunza wenyewe bila kuhongwa. Mmojawapo ni Gyarados, yule nyoka wa majini mwenye hasira. Huyu anatokana na Magikarp, samaki goigoi ambaye kuna jamaa anakuuzia kwa 500 tu kabla hujaingia Mt. Moon. Samaki mwenyewe kazi yake ni kurukaruka, basi. Lakini ukimvumilia mpaka leveli ya 20 anageuka joka, na joka likifika leveli ya 52 linaanza kutema Hyper Beam. Ndiyo maana nasema usimdharau mtu kwa vile alivyo leo.

DENI LENYEWE HILI HAPA

Sasa tuingie jikoni. Nguvu ya Hyper Beam ni 150. Ili ujue 150 ni nini, Body Slam, ambalo ni pigo la heshima kabisa, lina 85. Kati ya mapigo 100, Hyper Beam inapata 90, na mengine yanakwenda hewani. Unaanza na risasi 5 tu. Na ukishapiga ikampata adui, zamu inayofuata kiumbe wako anakaa anahema. Hapigi, hakwepi, hata kumtoa umwingize mwingine huruhusiwi. Anasimama pale kama mlingoti wa bendera, mwenzako anakushushia atakalo.

Hapo ndipo hesabu inapowaumbua watu. Zamu mbili za Hyper Beam ni 150, kwa sababu ya pili umekaa. Zamu mbili za Body Slam ni 85 mara mbili, yaani 170. Tena Body Slam haina mambo ya kukosakosa, na mara 30 katika 100 inamtia adui ganzi, mradi tu na yeye asiwe wa aina ya Normal. Kwa hiyo yule anayefyatua Hyper Beam ovyo ovyo anajiona shujaa, kumbe anapiga pungufu kuliko mwenzake aliyetulia.

SIRI YA MWAKA 1996

Sasa kama ni hivyo, kwa nini wakongwe waliiheshimu? Kulikuwa na siri, kaka. Katika yale matoleo ya kwanza, ukipiga Hyper Beam na adui akazimia palepale, deni linafutwa! Hakuna kuhema, hakuna kukaa. Mwenzako anaingiza kiumbe mwingine, na wewe unaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kanuni hii moja ndogo ilibadili kila kitu. Hyper Beam ikawa si pigo la kuanzia ugomvi, ni pigo la kuumaliza. Ukiua umepona, ukijeruhi umekwisha. Mchezaji hodari akawa si yule mwenye nguvu nyingi, bali yule anayejua kuusoma mstari wa uhai wa adui na kusema: "Sasa!"

Nina mpwa wangu mmoja, kijana mbishi kama nini. Siku moja tulizikutanisha mashine zetu kwa waya. Yeye alikuwa na Tauros, fahali mwenye mikia mitatu, na mimi nikaingiza Rhydon, yule kifaru wa mawe. Zamu ya kwanza tu, kijana akafyatua Hyper Beam.

"Mjomba, hii si ndiyo kali kuliko zote?" akauliza huku anacheka.

"Ni kali," nikamwambia, "ila umempiga nayo jiwe."

Mapigo ya aina ya Normal yakigonga mwamba yanakatwa nusu. Rhydon wangu akatikisika kidogo, akajibu kwa Earthquake. Zamu ya pili Tauros akawa anahema, akala Earthquake nyingine. Zamu ya tatu kijana akafyatua tena, na tetemeko la tatu likamlaza fahali. Rhydon bado amesimama na zaidi ya nusu ya uhai wake.

"Mjomba, umeniwinda!" akalalamika. Wala sikumwinda. Nilisubiri deni lake likaiva.

FAHALI WAWILI

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, nami nadhani walikuwa wanawasema Tauros wawili waliobaki mwisho wa pambano. Hapo ndipo utamu wa gemu la 1996 ulipokuwa. Tauros ana kasi ya 110, ana pembe zinazopata mahali pabaya zaidi kidogo ya mara moja katika kila tano, na kwa kuwa yeye mwenyewe ni wa aina ya Normal, Hyper Beam yake inaongezwa nusu. Ile 150 inakuwa 225!

Lakini hata hiyo 225 ikimpiga Tauros mwenzake aliyeshiba, wote wakiwa leveli ya 100, inaondoa karibu nusu tu ya uhai. Body Slam inaondoa kama robo na ushee. Basi anayejua anapiga Body Slam ya kwanza, anapiga ya pili, anatazama mstari. Umeshuka chini ya nusu? Hapo ndipo anafungulia mwale. Adui chini, deni limefutwa, mambo bomba.

Asiyejua anaanza na mwale. Mwenzake anabaki na nusu uhai na zamu moja ya bure ya kumfanyia kiulaini. We acha tu.

1999: MLANGO WAFUNGWA

Raha haidumu. Tarehe 21 Novemba 1999 yakatoka matoleo ya Gold na Silver huko Japani, na mlango ule ukafungwa. Tangu hapo, uue usiue, lazima ukae uheme. Ukimlaza mmoja, mwenzako anamwingiza mwingine mbichi, naye anakukuta umesimama mlingoti. Wachezaji wa mashindano wakaanza kuiacha Hyper Beam mmoja mmoja.

Mwaka 2006 likaja pigo la pili. Matoleo ya Diamond na Pearl yaligawa mapigo upya: haya ya mwili, yale ya nguvu za mbali. Hyper Beam ikapelekwa upande wa nguvu za mbali, ambako Tauros ana alama 40 tu, wakati nguvu zake za mwili ni 100. Fahali akanyang'anywa bunduki mchana kweupe! Upande wa mwili wakaletewa Giga Impact, yenye nguvu ileile 150 na kuhema kulekule.

Aliyebaki anacheka ni mmoja tu, nyani mvivu Slaking, aliyeingia na matoleo ya mwaka 2002. Huyu ana nguvu za mwili 160, ila kwa uvivu wake anapiga zamu moja, anapumzika zamu moja, apende asipende. Kwa hiyo ukimpa pigo la kuhema, anahema wakati ambao angekuwa amelala vilevile. Amekopa, halafu analipa kwa kulala!

Sifa ya Hyper Beam, hata hivyo, haikufa. Katika yaleyale matoleo ya 1999, bingwa Lance, mtu mzima na heshima zake, anamwamuru joka lake Dragonite amfyatulie Hyper Beam binadamu, kibaraka wa genge la Team Rocket. Mashabiki hawajaacha kulicheka tukio hilo.

MSIMAMO WANGU

Mimi niko upande wa kanuni ya 1996. Najua wapo wanaosema ilimpa mwenye nguvu upendeleo, na Tauros kweli alitamba kupita kiasi. Lakini kanuni ile ilimlazimisha mtu afikiri. Kila zamu ulikuwa unajiuliza: nimalize sasa au nipige kidogo kwanza? Ukikosea kwa unywele, umelala. Ya sasa haikuulizi chochote, inakutoza tu, na silaha inayokutoza bila kukuuliza mwisho wake watu huiacha kabatini.

Kwa hiyo kijana, ukibahatika kulishika lile gemu la zamani, shika mambo matatu. Mosi, Hyper Beam si salamu, usiingie nayo. Pili, mwamba inamkwaruza, na mzimu kama Gengar haimgusi kabisa. Tatu, tazama mstari wa uhai wa mwenzako kabla hujatazama jina la pigo lako. Ukiwa huna uhakika kwamba anazimia, piga Body Slam, kunywa maji, subiri.

Kazi kwako!