Tamasha lisiwe dhamana ya mkopo Forodhani

JOTO la kaskazi linapozidi Zanzibar mwezi Februari, wenyeji na wageni hupenda kula nje jioni, penye upepo wa bahari. Katika bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, huuzwa mishikaki, pweza, urojo na maji ya miwa.

Tangu 2004 Februari umekuwa pia mwezi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo kwa miaka mingi lilifanyika Ngome Kongwe, mkabala na bustani hiyo. Watazamaji wakitoka na njaa, wachuuzi hupata wateja.

Hata hivyo, mauzo makubwa si lazima yalete faida kubwa. Mahitaji yakipanda ghafla, bei ya pweza kwa wavuvi nayo hupanda, na kitoweo kisichouzwa leo huongeza gharama ya barafu.

Hatari nyingine ni ufadhili. Mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha. Mchuuzi anayekopa kwa kutegemea siku hizo chache anaweza kubaki na deni bila wateja.

Mwenye mtaji mdogo apange mkopo kwa mauzo ya siku za kawaida. Mapato ya tamasha yawe nyongeza tu.