Mali Kauli ya Kabatini

Mfanyabiashara wa Kariakoo anapompa mmachinga mashati bila kudai fedha kwanza, akangoja yauzwe ndipo alipwe, hiyo ni mali kauli. Marekani yapo maduka mengi ya nguo yanayoendeshwa kwa utaratibu huohuo, ila pande zimegeuka: mwenye mali ni mtu wa kawaida aliyefungua kabati lake, na anayemuuzia ni duka. Nguo hubaki mali yake mpaka siku inaponunuliwa, kisha fedha hugawanywa.

Hakuna aibu ndani yake. Mary Gallagher, aliyekuwa katibu wa Jacqueline Kennedy, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba mke huyo wa rais alikuwa akiuza nguo zake kupitia duka la Encore, New York, kwa kutumia jina na anwani ya Gallagher. Kama Ikulu ya Marekani ilipeleka magauni yake huko, mama anayeishi Minneapolis asione haya kupeleka koti lake.

Linalohitaji uangalifu ni hesabu. Tuseme una gauni ulilonunua dola 120. Duka halijali risiti yako; linapima mteja wake atakubali kutoa ngapi, na mara nyingi jibu ni kama theluthi ya bei ya gauni jipya. Gauni linaandikiwa dola 40. Mgawo ukiwa nusu kwa nusu, unapata 20. Yapo maduka yanayompa mwenye nguo asilimia 40, na yapo yanayompa 60. Siku 30 zikipita bila mnunuzi, bei inashuka kwa asilimia 20, inakuwa 32. Zikifika 60, bei ya mwanzo inakatwa nusu, na sehemu yako sasa ni dola 10. Kama ulimlipa dobi dola 12 kabla ya kulikabidhi, umepata hasara ya dola 2.

Kwa nini duka lishushe bei haraka hivyo? Kwa sababu halikutoa mtaji kuipata hiyo nguo. Gharama yake ni pango, mishahara, umeme na nafasi, na nguo iliyokaa kwenye henga miezi miwili inaizibia njia nyingine ambayo ingeuzika wiki hii. Wewe unataka bei nzuri, duka linataka mzunguko. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha biashara hii, na asiyeielewa hulaumu wauzaji bure. Fedha yako kubwa imo katika zile wiki nne za mwanzo. Kazi yote ya maana, basi, hufanyika kabla hujafika dukani.

Makoti ya baridi yapelekwe Agosti au Septemba, magauni mepesi Februari au Machi, wakati wanunuzi wanaanza kuyatafuta. Kagua kwapa, kola, zipu na vifungo chini ya mwanga mkali, kwani mpokeaji atafanya hivyohivyo. Harufu ya moshi au ya mapishi hurudisha nguo nzuri kabisa. Na mitindo ya bei rahisi iliyopita misimu kadhaa aghalabu hukataliwa hata ikiwa mipya, wakati mkoba wa ngozi wenye jina kubwa hupokelewa ukiwa na umri wa miaka mingi.

Halafu kuna kifungu ambacho watu hukisaini bila kukisoma: nguo isiyouzwa itakuwaje. Maduka mengi hutoa siku chache za kuichukua baada ya mkataba kwisha. Usipotokea, inakuwa mali ya duka au inapelekwa kwa shirika la hisani. Huko nako, zisizouzika huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wanaozichambua na kuzifunga marobota, na mengine hushushwa Mombasa na Dar es Salaam. Koti ulilolisahau linaweza kununuliwa katika soko la Gikomba, Nairobi, na mtu ambaye hutamjua. Andika tarehe ya mwisho ya kuchukua nguo zako kwenye simu siku unaposaini.

Asiyependa kungoja ana njia nyingine. Duka la Buffalo Exchange, lililoanzia Tucson, Arizona, mwaka 1974, hununua papo hapo. Unapewa fedha taslimu kidogo, au thamani kubwa zaidi ukikubali kuchukua nguo nyingine dukani. Mtandaoni yapo ThredUp na The RealReal, hili la pili likiwa maarufu kwa bidhaa za wabunifu wakubwa. Soma makato yao kwanza, maana kwa nguo za bei ya chini hula karibu yote. Kodi isikutie hofu: nguo zako mwenyewe zikiuzwa chini ya ulivyozinunua, kwa kawaida hakuna faida ya kutozwa.

Ushauri wangu ni huu: chagua nguo tano bora, si magunia matatu. Ambayo haiwezi kuandikiwa angalau dola 30 siku ya kwanza, mpe ndugu au jirani anayeihitaji. Dukani haitakulipa hata nauli.