Kupima Bongo za Watu

Juzi katika somo la baiolojia tulisoma jinsi mtoto anavyorithi maumbile ya wazazi wake. Mwenzetu mmoja akauliza: mbona watu hawachaguliwi kama ng'ombe wa mbegu, wazaliwe werevu watupu? Darasa zima la Mzumbe likacheka. Lakini swali hilo liliulizwa zamani na madaktari, nao hawakucheka.

Mwaka 1933 Wazungu wa Nairobi walianzisha chama cha kuchunguza njia za kuboresha kizazi cha wanadamu. Mkubwa wao alikuwa Daktari H. L. Gordon, wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake, Daktari F. W. Vint, alipima bongo 100 za Waafrika waliokufa, akatangaza kwamba ni nyepesi kuliko za Wazungu. Lakini wafu wa hospitali ni watu waliougua, na pengine hawakupata kushiba. Utawalinganishaje na walioshiba? Gordon akaona hata elimu ya Kizungu huenda ikamtia Mwafrika wazimu. Basi sisi tunaokesha kwa mtihani wa Kidato cha Nne tungepelekwa Mathari!

Wakaomba fedha London wapime zaidi, wakanyimwa. Chama kilikuwa na maneno tu, hakikuwa na amri.

Mwaka ule ule Hitler alishika Ujerumani, na huko amri ilikuwako. Tarehe 14 Julai 1933 ilitolewa sheria ya kuwapasua, wapende wasipende, watu walioitwa wenye kasoro za kurithi ili wasizae: viziwi, vipofu, wenye kifafa, hata walioitwa wapumbavu. Hakimu mmoja na madaktari wawili walikata shauri, na asiyekwenda aliletwa na polisi. Watu kama 400,000 walifanyiwa hivyo.

Wako pia ambao hata sheria hiyo haikuwahusu. Baada ya vita vya kwanza, askari wa Ufaransa, wengine wao Waafrika, walikaa kando ya mto Rhine, wakazaa na wanawake wa huko. Wataalamu wa Berlin waliwapima watoto hao kama Vint alivyopima bongo. Kisha mwaka 1937 watoto wapatao 400 walichukuliwa kwa siri, wakapasuliwa. Hawakuwa wagonjwa. Wakubwa wao walikuwa na miaka 17, kama mimi.