KUITAMBUA REALE YA MARIA THERESA

Wananchi na watumishi wanaarifiwa kwamba mwaka 1780 ulioandikwa kwenye reale yenye sura ya Maria Theresa si ushahidi wa umri wake. Mtawala huyo wa Austria alifariki dunia mwaka huo, na tangu hapo sarafu hiyo imeendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na mwambao huu walikwisha kuizoea. Imepigwa Vienna na, baada ya Italia kupata haki ya kuipiga mwaka 1935, ikapigwa pia Roma, London, Paris, Brussels na Bombay.

Kwa hiyo reale iliyopigwa baadaye haihesabiwi kuwa ya bandia. Fedha yake ni kamili. Kilichopungua ni ukale. Warithi wanaogawana sanduku la marehemu wanapaswa kulizingatia hilo kabla ya mmoja kudai kwamba zake ni za kale zaidi.

Iliyo sahihi ina uzito wa gramu 28.07, ambamo fedha halisi ni sehemu 833 katika 1,000. Iliyochakaa hupungua kidogo. Haivutwi na sumaku. Kwenye ukingo mna maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaliyoinuka. Ukingo ndio wa kuangaliwa kwanza, maana waghushi wengi hushughulikia sura wakausahau. Mshono unaozunguka ukingo, vitundu vidogo vidogo na herufi zilizofifia huku nywele hazijachakaa ni dalili za sarafu iliyomiminwa katika kalibu.

Aina hutofautishwa kwa mambo madogo: lulu za bizimu lililo begani, mikunjo ya ushungi, na manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili. Kazi hiyo yahitaji kioo cha kukuzia na subira.

Sarafu isisuguliwe kwa majivu wala limau. Iliyotobolewa au kutiwa kikuku na sonara hubaki na thamani ya fedha, lakini mkusanyaji hutoa bei ndogo.

Reale ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria (1882) ni nyengine kabisa. Ina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, haina sura ya mtu, na ni adimu zaidi. Aliye nayo asiiuze kwa bei ya uzito kabla ya kumwonesha mjuzi.