Mzee Acheka, Mtoto Auliza: Kuna Nini?

Katika vibanda vya video vya miji ya pwani ya kusini, kama vile Kilwa Masoko na Lindi, mgeni hushuhudia jambo la kustaajabisha. Sinema inayoonyeshwa ni ya Kihindi au ya Kichina, na wachezaji wake hawajui Kiswahili hata neno moja. Hata hivyo, watazamaji huangua kicheko pahala ambapo mtungaji hakukusudia mzaha wowote. Je, wanacheka nini?

Wanachekeshwa na mfasiri, ambaye vijana humwita dijei. Yeye hurekodi sauti yake juu ya sauti za wachezaji. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo. Mfasiri wa aina hii hafasiri tu, bali hutia chumvi yake. Jambazi wa Hong Kong atazungumza lugha ya vijiweni, na mama mkwe wa Bombay atalalamikia bei ya unga. Mwenye kuijua lugha ya mtaa hucheka; asiyeijua hubaki akitumbua macho.

Mbinu hii si ngeni kwetu. Katika baraza, mchezaji wa bao humtupia mwenzake kijembe huku akisambaza kete, na wazee wanaotazama wakakohoa kwa kicheko. Vitabuni tunaye Abunuwasi. Aliazima sufuria, akairudisha pamoja na ndogo, akidai kuwa imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Alipoiazima tena, alitangaza kwamba imekufa. Mtoto hucheka kwa sababu sufuria haifi. Mzee humcheka jirani, ambaye tamaa yake ilimfunga mdomo: aliyekubali uzazi atakataaje kifo?

Lakini ndugu mzazi, si kila mzaha uliofichwa ni wa heri. Mwingine ni tusi kwa wanawake, kwa kilema au kwa kabila la jirani. Mtoto hulidaka neno hilo kwa sababu wakubwa walicheka, kisha akalitamka shuleni bila kujua uzito wake. Akipigwa, hajui kosa lake.

Basi akiuliza, “Baba, mnacheka nini?”, usimfukuze. Ukiona haya kumweleza, huenda hukustahili kucheka. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mlezi mwema humwambia mwanawe.